Hela ya boda nayo iandikwe

Haya ni maongezi niliyofanya Mtwara mjini na wauzaji wa nyumbani, wale wa stetasi na magrupu ya WhatsApp. Wengi mliniomba niyaandike kwa ajili ya waliokosa. Nimeyaacha vilevile nilivyoongea, msitafute ufasaha.

Assalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Shikamooni mama zangu, na nyie wadogo zangu mambo vipi. Nimeambiwa nina nusu saa na chai iko njiani, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Kuna video inazunguka kwenye magrupu, wengi mmeshaiona, dada yuko ndani ya gari lake anaongea Kiingereza, anasema kama unauza vitu kutokea nyumbani basi kila maili unayoendesha kupeleka mzigo posta ni hela, wewe andika tu maili zako na mwisho wa mwaka kodi inashuka. Nimetumiwa hiyo video mpaka simu imejaa. Na swali ni lilelile, dada mtunza hesabu, na sisi si tunapanda boda kila siku, mbona hatujaambiwa?

Yule dada hajadanganya, ila yuko Marekani. Kule mamlaka yao ya kodi, IRS, kila mwaka inatangaza kiwango cha maili moja ya biashara. Mwaka 2023 ilikuwa senti 65.5 za dola, 2024 senti 67, 2025 senti 70. Maili moja ni kilomita moja na pointi sita hivi. Sasa mtu akiendesha gari lake maili 1,000 za biashara ndani ya 2025, anazidisha, anapata dola 700, na hizo 700 anazitoa kwenye faida yake kabla kodi haijapigwa. Sio kwamba anarudishiwa 700 mkononi, hapo ndo watu wengi kwenye magrupu walipotelea, anapunguziwa faida inayokatwa kodi. Na hata huko hawampi kwa mdomo, lazima awe na daftari linaloonyesha tarehe, alikwenda wapi, alikwenda kufanya nini na maili ngapi, na aliandika wakati ule wa safari, sio amekaa mwezi wa nne usiku anabuni.

Hapa kwetu kiwango hicho hakuna. Hakuna sehemu TRA, mamlaka yetu ya mapato, wameandika kilomita moja ni shilingi kadhaa, toa kwenye kodi. Ukienda dirishani na orodha ya kilomita zako za Ligula mpaka Naliendele ukasema nipunguzieni, utasikilizwa vizuri sana na utarudi nyumbani na orodha yako.

Kwa sababu wengi humu ndani, naweza kusema karibu wote, tunalipa kodi ya makadirio. Mtu binafsi, sio kampuni, mwenye mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka. Na kodi ya makadirio inahesabiwa kwenye mauzo, haihesabiwi kwenye faida. Narudia kwa wale wa nyuma, kwenye MAUZO. Kwa mpangilio wa viwango uliokuja na Sheria ya Fedha ya 2022, mauzo yakiishia milioni 4 kwa mwaka kodi hakuna. Yakizidi 4 mpaka 7, kama huna kumbukumbu za maandishi unalipa 100,000, kama unazo unalipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Yakizidi 7 mpaka 11, bila kumbukumbu ni 250,000, ukiwa nazo ni 90,000 ujumlishe asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Ukivuka 11 mpaka 100 ni asilimia 3.5 ya mauzo yote, hapo hakuna cha nilikuwa na daftari wala sikuwa nalo, na pia unatakiwa uwe na mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za TRA. Bajeti inasomwa Juni na sheria mpya zinaanza Julai, kwa hiyo kila Julai pita TRA uulize kama wamegusa viwango, kuuliza bure.

Sasa chukua mtu ameuza milioni 20. Asilimia 3.5 ni 700,000. Boda na bajaji na gari za Masasi zimemla milioni 3 kwa mwaka, kodi ni 700,000. Zimemla milioni 6, kodi ni hiyohiyo 700,000. Sheria haiulizi ulitumia nini, inauliza umeuza nini.

Mama mmoja hapo anacheka, anasema basi tufunge kikao. Hapana, kaa mama. Hapa ndo pananoga, maana kama TRA hawakurudishii hela ya boda basi kuna sehemu moja tu ya kuirudisha, nayo ni bei yako, na bei huwezi kuipanga kwa hela usiyoijua. Ndo maana nataka muandike. Na kuna sababu nyingine inagusa kodi yenyewe, hiyo wengi hamjaiona kabisa.

Mteja wa keki yuko Mtawanya. Keki 40,000, boda 3,000. Unamwambia tuma 43,000. Anatuma, wewe unamlipa boda keshi mkononi, biashara imeisha. Kwenye simu yako imeingia ngapi? Arobaini na tatu. Ukiulizwa kesho mauzo yako ni yapi na wewe ushahidi wako ni taarifa ya miamala ya simu tu, hizo elfu tatu tatu zote zinasomeka kama mauzo. Na sisi kodi yetu iko kwenye mauzo! Fanya hesabu na mimi. Mtu ana oda 200 kwa mwaka, kila moja imepita na 3,000 ya boda, hiyo ni 600,000. Mauzo yake ya kweli ni milioni 6 na laki 6, yuko kwenye kundi la 4 mpaka 7. Ongeza ile laki 6 ya boda, inakuja milioni 7 na laki 2, ameshavuka ameingia kundi la juu. Kama hana kumbukumbu yoyote ametoka kulipa 100,000 anaenda 250,000. Laki na nusu imekwenda, kwa hela ambayo haikukaa kwake hata dakika kumi, ilikuwa ya boda. Na angekuwa na daftari akatenganisha, ile milioni 6 na laki 6 kodi yake ni 78,000 basi.

(Hapa palikuwa na kelele kidogo, watu wakatoa simu wakaanza kupiga hesabu zao.)

Kwa hiyo cha kwanza kabisa, hela ya delivari isipite kwako kama inawezekana. Mwambie mteja keki 40,000 unatuma kwangu, boda utamalizana naye mwenyewe akifika mlangoni. Wateja wengine hawataki, anakwambia nijumlishie bwana usinisumbue, sawa, jumlisha, ila kwenye risiti yako au hata kwenye meseji andika mbali mbali, keki 40,000 usafiri 3,000, na ukimlipa boda mlipe kwa simu ili muamala wa kutoka uonekane siku ileile umetoka. Na tafadhali, Lipa Namba ya biashara iwe ya biashara. Hiyo namba inayopokea hela ya batiki ndo hiyohiyo inapokea mchango wa harusi na hela ya ada aliyotuma shemeji, mtu akija kukagua atajuaje kipi ni kipi? Hata wewe hujui.

Sasa tuje kwenye kuandika kwenyewe. Nimekuja na daftari la mama mmoja anayeuza batiki na vitenge akiwa nyumbani kwake Shangani, ameniruhusu nisome ila jina nisitaje. Ni daftari la shule la kawaida, kalifunga kalamu kwa uzi, linakaa kwenye mkoba. Nasoma ukurasa mmoja. "Jumanne. Shangani kwenda Mikindani, vitenge doti 3, bajaji 6,000, mteja kalipa 5,000." Mstari unaofuata, "Jumanne. Mikindani kurudi, daladala, mimi." Halafu, "Alhamisi. Stendi kuchukua mzigo wa Dar, boda kwenda na kurudi, kulipia mzigo kwenye basi, risiti ipo." Halafu kuna mstari mmoja kaupiga duara, "Chikongola, batiki 1, boda, mteja hakuwepo, nimerudi nayo."

Mmeona? Sio uhasibu mkubwa. Lakini angalia huo mstari wa kwanza, bajaji sita mteja katoa tano, buku moja imeshuka kwake, na daladala ya kurudi yake pia. Alipokuja kwangu alikuwa anasema Mikindani kuna wateja wazuri, na ni kweli wananunua, ila tulipojumlisha safari za Mikindani peke yake tukakuta faida ya doti tatu nusu imeishia njiani. Akapandisha bei? Hapana, akaamua Mikindani anapeleka siku moja kwa wiki, anakusanya oda zote zinaenda kwa safari moja. Kodi yake haikubadilika hata shilingi. Mfuko wake ulibadilika. Na ule mstari wa mteja hakuwepo ndo mtamu zaidi, kwa sababu safari za bure hamna anayezikumbuka, zinauma siku ile halafu zinasahaulika, na daftari halisahau. Sasa hivi Chikongola hatoki mpaka mtu atume nusu.

Vitu vya kuandika ni hivyo hivyo vya kwa wamarekani, tarehe, kutoka wapi kwenda wapi, umeenda kufanya nini, sisi badala ya maili tunaweka shilingi, na mimi naongeza cha tano, nani kalipa. Kama unatumia pikipiki au gari lako mwenyewe weka na kilomita. Wengine mtasema daftari nitasahau, basi fungua grupu la WhatsApp uwemo peke yako, ukishuka kwenye boda unajitumia meseji, ile meseji ina tarehe na saa yake. Ila mwisho wa mwezi hamishia kwenye karatasi maana sheria ya usimamizi wa kodi inataka kumbukumbu zikae miaka mitano, na sijaona simu humu ndani iliyokaa miaka mitano bila kuingia maji au kuibiwa.

Safari ipi ni ya biashara na ipi sio? Hapa ndo panabishaniwa sana. Sheria yetu ya kodi ya mapato ya 2004 ina kanuni, matumizi yanayokubalika, kwa wanaokatwa kodi kwenye faida, ni yale yaliyofanywa yote na kwa ajili ya kupata hayo mapato tu. Weka hilo neno TU kichwani. Wewe unauzia nyumbani, nyumbani ndo dukani kwako, kwa hiyo kutoka nyumbani kwenda kwa mteja, kwenda stendi, kwenda kununua maboksi, hizo ni za biashara. Mwenye fremu sokoni, ile ya asubuhi kutoka kwake kwenda kufungua fremu ni safari yake binafsi ya kwenda kazini kama mwalimu anavyokwenda shule. Kwa hilo nyie wa nyumbani mmepata, furahini.

Sasa mwezi wa sita wa saba, likizo, unyago. Unakwenda Newala kumtoa mwali wa dada yako, unabeba na vitenge doti kumi maana unajua shughuli itakuwa na watu, unauza zote. Nauli ya Newala ni ya biashara? Dada wa hapa mbele anasema ndiyo, nimeuza! Mwingine hapo anasema hapana. Jiulize hivi, ungekuwa huna vitenge ungekwenda? Ungekwenda, ni mwali wa dada yako huyo, usipoonekana utasemwa mpaka mwakani. Basi nauli ni ya unyago. Ila ule mfuko wa ziada uliolipia kwenye gari kwa ajili ya vitenge, ule ni wa biashara, andika huo peke yake. Geuza sasa, mwezi wa kumi na moja msimu wa korosho umechanganya, minada inaendelea, wakulima wameanza kulipwa, umekwenda Tandahimba na mzigo kutembelea wateja, ukiwa huko ukapita kumsalimia shangazi ukala ugali. Hiyo ni ya biashara, shangazi hajaiharibu. Ila ukilala kwa shangazi siku tatu zaidi kwa raha zako, hizo siku usizilete hapa. Msiba hivyohivyo, mtu amekwenda kuzika Ndanda akauza mafuta ya ubuyu chupa mbili, jamani, huo ni msiba.

Na wanaokwenda kufuata korosho za kubangua kwa vikundi vya Masasi kuja kuuza paketi mtandaoni, nauli ya kwenda kuchukua mzigo ichanganye kwenye gharama ya mzigo wenyewe, gawanya kwa kilo ulizobeba, usiiweke kapu moja na delivari. Kilo umenunua bei yake, ongeza usafiri wa kuileta mpaka Mtwara, hiyo ndo bei iliyokufikia, kuanzia hapo ndo unaweka faida. (Nasema za kubangua, kutoka kwa wabanguaji. Mambo ya kangomba, kununua korosho za mkulima kwa njia ya magendo, mimi simo, hiyo ni kesi ya mahakamani sio ya daftari.)

Kuhusu ushahidi. Boda hana mashine ya EFD, wote tunajua. Nenda duka la vifaa vya ofisi kanunue kitabu cha vocha za malipo, unajaza tarehe, jina la boda, namba ya pikipiki, kutoka na kwenda, kiasi, anasaini. Najua hamtamsimamisha boda juani asaini vocha ya 2,000, kwa hiyo fanyeni kama wengine wanavyofanya, kuwa na boda wako mmoja au wawili mnaoaminiana, safari zinaandikwa, Jumamosi unamlipa kwa simu kwa mkupuo na anasaini orodha moja ya wiki. Boda mwenyewe anapenda hivyo, anapata hela iliyokusanyika. Vocha sio risiti ya EFD na afisa anaweza kuikataa, nawaambia ukweli, ila vocha yenye namba ya pikipiki ikiwa na muamala wa simu nyuma yake ni kitu cha kuweka mezani, "nilitumia kama laki tatu hivi" sio kitu.

Mafuta yanadaiwa risiti. Sheli inatoa, dai, na uwaambie waweke namba ya chombo na TIN yako, ile namba ya mlipakodi, kama unayo. Zile risiti ni karatasi ya joto, ukiiacha juu ya dashibodi ya gari kwa jua letu hili ndani ya wiki imekuwa nyeupe, hata jina la kituo halisomeki, umebaki na kikaratasi cha kufungia karanga. Piga picha palepale au toa kopi, ibane kwenye daftari. Mzigo wa basi kutoka Dar wanakuandikia risiti ya mkono, hiyo nayo usitupe na gunia.

Sasa kwa nini nawasumbua na risiti wakati nimesema makadirio hayaangalii matumizi? Kwa sababu kuna watu wa aina mbili humu, au mtakuwepo mwakani, ambao makadirio hayawahusu. Mmoja ni yule atakayevuka milioni 100. Msicheke, mauzo sio faida, mtu wa vifaa vya ujenzi anayeuza kwa simu anavuka hiyo haraka sana. Wa pili, na huyu ndo nampigia kelele, ni mwenye kampuni. Vijana wengi wanasajili kampuni BRELA, kwa wakala wa usajili wa biashara, kwa sababu wanataka tenda ya halmashauri au kwa sababu jina linapendeza kwenye kadi. Sawa, ila makadirio ni ya mtu binafsi. Kampuni hata iwe ya mtu na mke wake iko sebuleni Magomeni inaandaa hesabu na inalipa asilimia 30 ya faida. Na kwenye faida ndo matumizi yanatoka, boda, mafuta, bajaji, nauli, yote. Kampuni ikitumia milioni 3 kwenye usafiri na haina karatasi hata moja, hiyo milioni 3 inakataliwa, inarudi kuwa faida, asilimia 30 yake ni laki 9. Laki tisa mtu analipa kwa hela ambayo alishaitumia! Huyo angekuwa na daftari na risiti zake asingeilipa. Na huwezi kuanza kujifunza kuandika siku ile barua ya ukaguzi imefika, mazoea yanaanza sasa hivi ukiwa mdogo.

Kwa hao wanaotumia pikipiki au gari lao wenyewe, hesabu iko hivi. Tarehe 1 Januari piga picha kilomita kwenye dashibodi, tarehe 31 Desemba piga tena. Tuseme imetembea kilomita 12,000, na daftari lako linaonyesha 7,200 zilikuwa za biashara, hiyo ni asilimia 60. Mafuta, oili, matairi, bima, ukijumlisha vimefika 1,800,000, basi za biashara ni 1,080,000, hiyo nyingine ulikuwa unapeleka watoto shule na kwenda beach Jumapili. Najua pikipiki nyingi humu mshale wa kilomita ulikufa zamani. Waya wake unauzwa, fundi anaufunga hapohapo. Ukishindwa tumia ramani ya kwenye simu, weka unapotoka na unapokwenda inakupa kilomita. Na kama ni pikipiki ya baba watoto wewe unachangia mafuta tu, andika mafuta uliyonunua kwa ajili ya safari zako za mzigo, usijipe pikipiki nzima.

Jambo moja dogo la mafuta. EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wanatoa bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Mtwara ina bei yake maana meli za mafuta zinashusha hadi bandari yetu. Wengi mna bei ya delivari mliyoweka mwaka juzi, mafuta yamepanda yameshuka yamepanda, boda kaongeza, wewe bado unamwambia mteja "Likombe buku mbili". Ile Jumatano iwe siku yako ya kufungua daftari uangalie kama bado buku mbili inatosha. Na usafiri wa mbali ndo usiseme, mnakumbuka Mei 2024, mvua na kile kimbunga Hidaya, barabara ya Dar ikakatika pale Somanga, mizigo ikakwama, na njia nyingine ya lami ni kuzunguka Masasi, Tunduru, Songea mpaka utokee Iringa. Waliokuwa na maandishi ya gharama zao za kawaida waliweza kumuonyesha mteja, kawaida mzigo unanifikia kwa kiasi hiki, safari hii kiasi hiki, tugawane. Waliokuwa hawana waliambiwa wanalangua.

Maswali. Naam mama. Anauliza mwaka umeshafika katikati, aanze Januari? Anza leo jioni. Miezi iliyopita chukua taarifa ya miamala ya simu, pitia na kalamu, malipo ya boda wako utayaona kwa jina lake, andika unayoyakumbuka kweli na usiyoyakumbuka acha wazi, usibuni, maana ukibuni moja likaonekana hata yale ya kweli hayaaminiki tena. Na kumbuka makadirio yenyewe yanafanywa kabla ya tarehe 31 Machi, unalipa kwa awamu nne, Machi, Juni, Septemba, Desemba, kwa hiyo ukifika dirishani mwezi wa tatu na daftari la mwaka mzima unasema mauzo yangu ni haya, tofauti na kusimama pale unamwambia afisa "wewe nikadirie tu".

Kaka wa nyuma. Anasema yeye anauza nguo Msangamkuu, anavuka na pantoni, na wakati mwingine pantoni ikiwa imelala anavuka na mtumbwi, mwenye mtumbwi hana risiti wala hataki kusaini. Umlipe kwa simu. Hana simu? Basi andika kwenye daftari, tarehe, mtumbwi, kiasi, umebeba nini kwa nani, na chini yake mauzo uliyofanya ng'ambo siku ile. Safari iliyokaa pembeni ya mauzo yake inaeleweka hata kama haina karatasi, afisa akiona siku zote ulizovuka kuna nguo zimeuzwa upande ule hawezi kukwambia ulikuwa unatembea. Na siku ukivuka na pantoni tiketi ibane, ili zile za mtumbwi zionekane ni za siku ambazo pantoni haikuwepo.

Chai imefika naona. Wenye daftari zao waje nazo mezani, tunaangalia moja moja tukiwa tunakunywa.